Mwizi Aliyejua Kusalimia

Haya, nyie mliokaa juu ya magunia ya pamba, shukeni msogee huku. Na wewe unayekula muhogo tafuna taratibu, maana haya maneno yanataka masikio yote mawili. Waliosikia habari hii mnadani wamesikia nusu, na nusu nyingine wamejazia wenyewe. Mimi nawapa kitu kizima. Chumvi nitakayoongeza ni ile ya kulia ugali tu.

Shule sikuingia. Nilipita nje yake nikiwa nachunga, nikasikia wenzangu wanaimba a, e, i, o, u, nikaona ng'ombe wangu wanaimba vizuri zaidi, nikaenda zangu. Kwa hiyo nikiwaambia habari za usalama wa mitandaoni msijiulize nimesomea wapi. Mimi nimefundishwa na mwizi, na ada alilipa yeye.

Nianze na kaka yangu mkubwa. Anakaa nje kidogo ya Bariadi mjini, na ng'ombe wake wakienda kunywa, lambo linabaki tope na vyura wanahama. Halafu ana sauti. Kaka akikohoa asubuhi, watu wa Mwanhuzi, wilaya nyingine kabisa, wanaingiza mahindi ndani wakidhani ni radi. Anakaa na mama yetu mzee, ambaye sisi wote tunamwita bibi, na ana binti mmoja aliyelelewa na huyo bibi tangu anatambaa.

Huyo binti alikuwa na meza yake ya dagaa kule Lamadi, kando ya barabara kubwa. Ndipo alipotokea kijana wa Migori, upande wa Kenya, anakuja na fuso kununua dagaa. Alinunua wiki ya kwanza, akanunua ya pili, akanunua mpaka dagaa ziwani wakaanza kuulizana wamemkosea nini. Kumbe kwao hawali hata dagaa. Watu wa ng'ombe kama sisi, wanakula nyama. Kijana alikuwa anakuja kwa ajili ya muuzaji.

Basi mambo yakawa mambo, nikateuliwa mshenga. Mnijue, mimi nikiwa mshenga hata paka na panya wanaweza kupelekana mahari. Nilienda Migori, nikarudi, nikaenda tena, tukaelewana na baba wa kijana. Ng'ombe wa mahari wangepita mpakani Sirari na karatasi zao zote za daktari wa mifugo, na juu yao kungekuwa na dume moja jekundu la heshima, la kumpa bibi aliyemlea mtoto. Hilo dume nililiona kwa macho yangu. Lilikuwa jekundu mpaka jua la jioni likitaka kuzama linaomba ruhusa kwanza. Bibi kila nikipita ananiuliza, "Dume langu linakula?" Namwambia linakula, mayu, yaani mama. "Linaniulizia?" Namwambia kila siku, mayu, halilali.

Sasa kaka ana simu kubwa ya kioo, ana ile programu ya kijani ya meseji, na humo ndimo yeye na mkwe wa Migori, yule baba wa kijana, wanapangia mambo yote. Kaka kuandika hawezi sana, anatuma sauti. Akituma sauti simu ya mkwe inaruka mezani.

Siku hiyo asubuhi kaka yuko zizini, simu ikaita. Namba haijui. Akapokea.

"Mwangaluka, baba," mtu akasema, salamu yetu ya asubuhi.

Kaka akaitika. Yule mtu hakuwa na haraka kama vijana wa siku hizi. Akauliza, "Baba wa ukoo gani?" Kaka akataja. Yule akasema, "Basi mimi ni mjukuu kwenu, mama yangu katoka huko huko." Akauliza habari za mji, akajibiwa mhola, nzuri. Akauliza ng'ombe, mhola. Akauliza ndama, mhola. Akauliza mvua, akauliza pamba, akauliza mguu wa bibi unaouma, na yule mtamba anayechechemea. Nyie mnajua kwetu. Mtu akikusalimia mpaka akafika kwa mtamba anayechechemea, huyo si mtu wa kawaida, huyo ni ndugu. Ukimnyima kitu baada ya hapo, mizimu inahama kwako inaenda kwa jirani.

Ndipo akasema, "Sasa baba, kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako kwa bahati mbaya. Ni za kwangu. Nisomee tu nikuache uendelee na mifugo."

Kaka akamsomea. Tena nasikia alimsomea kwa sauti yake ile, kwa hiyo hata kama mwizi asingekuwa na simu angesikia.

Baadaye programu ya kijani ikagoma. Kaka akadhani bando limeisha, akanunua lingine. Ikagoma. Akaiweka simu juani ipate nguvu, akaenda kuchanja kuni. Kumbe wakati huo yeye yupo Bariadi anachanja kuni, huku kwenye mtandao kuna kaka mwingine anayetembea na jina lake na picha yake ile ya kofia, anaandikia wakwe.

Mimi nilijua pale simu yangu ilipoita, mkwe wa Migori.

"Mshenga," akasema, na sauti ilikuwa baridi. "Wewe ni mtu mzuri. Lakini hiyo boma yenu iko na shida."

"Shida gani tena, mkwe?"

"Ndugu yako aliniandikia. Akasema ng'ombe ya kutembea kwa miguu imepitwa na wakati, ati niuze, nitume pesa kwa simu. Nianze na ile dume nyekundu. Ati nikichelewa kuna mtu mwingine ako na gari kubwa anataka msichana. Mimi nikaumia roho, lakini nikasema haya, ni mkwe. Nikauza. Nikatuma. Leo namuuliza kwa simu ya kawaida kama pesa imefika, ananiuliza pesa gani, dume iko wapi. Mimi ni mtoto, mshenga?"

Nikakimbia kwa kaka, akanisimulia habari ya zile namba sita, tukampigia mkwe tena, sauti tukaiweka nje ili wote tusikie. Lilikuwa kosa kubwa. Ilikuwa kama kufungulia madume mawili kwenye zizi la kuku.

"Mimi niombe pesa?" kaka akasema. "Mimi niuze mtoto kwa meseji? Mtu amechukua akaunti yangu, mkwe."

"Mtu gani? Ulimpa nani?"

"Alinisalimia vizuri."

"Alikusalimia kwa lugha gani?"

Kaka akashusha sauti. "Kisukuma."

"Sasa unaona. Mwizi ni wako. Ako kwenu."

"Na hiyo namba uliyotumia pesa ni ya nchi gani?"

Mkwe naye akashusha yake. "Ya Kenya."

"Sasa unaona. Mwizi ni wako. Yuko kwenu."

Wakaendelea hivyo, mwizi ni wako, mwizi ni wako, utadhani wanazawadiana. Mwisho mkwe akasema ng'ombe hata mmoja hatavuka mpaka kabla mwizi hajajulikana ni wa nani. Kaka akasema hata wakivuka atawarudisha, hatoi binti kwa watu wanaomwita ombaomba. Simu ikakatika.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Hakulia. Huyu mtoto halii, kalelewa na bibi. Akanifuata nje akasema, "Baba mdogo, mshenga ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi ukishindwa mimi nitazeekea Lamadi, nanuka dagaa, na kila fuso likipita nageuza shingo. Na kila Krismasi nitakuja kwako kula, mpaka unizike au nikuzike."

Nikasema nimesikia. Maana anakula vizuri yule mtoto.

Tukaenda polisi Bariadi, mimi, kaka, binti na bibi. Bibi hakuwa na kazi huko, lakini dume ni lake, akasema mwenye mali haachwi nyuma. Tukapelekwa kwa afisa wa makosa ya mtandaoni, mwanamke mtulivu, anakuangalia mpaka unakumbuka makosa ambayo hujafanya. Akasikiliza yote. Akachukua simu ya kaka, akasaidia kutuma taarifa kwa wenye programu kwamba akaunti imeibiwa. Halafu akamgeukia kaka.

"Mzee, zile namba sita ni ufunguo wa nyumba. Ulimpa mtu ufunguo."

"Lakini aliuliza na ndama," kaka akasema.

"Hata akiuliza kuku."

"Aliuliza mpaka mguu wa bibi."

Afisa akageuza kiti, akawa anatazama sisi wote. Akasema msalimieni mtu vizuri, mwitikieni, mcheke naye, salamu haina dhambi. Ila namba hamtoi. Akisema ni ndugu, hamtoi. Akisema ni benki, hamtoi. Hata akisema ni mimi hapa afisa, hamtoi. Bibi alikuwa anasikiliza huku kakamata kile kitochi chake kwa mikono yote miwili. Ni simu ya tochi, haina hata hiyo programu, betri imefungwa na mpira wa daftari. Akauliza, "Hata akiwa mkubwa?" Afisa akasema, "Hata akiwa mkubwa namna gani, bibi." Bibi akaitikia kwa kichwa, akaiingiza simu ndani ya khanga kama anaficha yai la mbuni.

Nikamuuliza afisa, huyo mwizi tutampata? Akaniambia ukweli. "Mzee, namba iliyopokea pesa iko Kenya. Mimi siwezi kuruka mpaka nikamkamate mtu. Lakini kule nina mwenzangu, na Uganda tuna wenzetu, utaratibu wa kusaidiana upo, tunaongea. Kinachokwamisha ni kimoja. Mwenzangu anahitaji mlalamikaji wa kwake, aje na simu iliyopokea zile meseji. Mkwe wenu atakubali?"

Mkwe hakukubali. Nilimpigia, akasema, "Nikienda polisi ya kwetu na hii simu, ni kama nimekubali mwizi ni Mkenya. Tena watacheka, ati mzee mzima ameuza dume kwa meseji." Akakata.

Nikaona hapa hakuna njia, lazima niende mwenyewe. Nikachukua basi mpaka Lamadi, nikapanda lingine la kaskazini, mpaka Sirari. Nilikaa karibu na dirisha nikifikiria njia nzima, mpaka abiria wa jirani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina mwizi ambaye hana mwenyewe.

Mkwe alikuja mpakani. Kwa heshima ya mshenga, alikuja. Tukakaa pale wanapochoma nyama. Hakula. Mtu wa ng'ombe akiacha nyama ipoe mbele yake, jua kidonda ni kirefu.

Nikamwambia, "Mkwe, sikuja kukwambia mwizi ni wa nani. Nimekuja kukuuliza habari ya kwenu. Ng'ombe akiibiwa kijiji cha jirani, nyayo zikafika kwenye mpaka wa kijiji chako, mnafanyaje?"

Akaniangalia kama nimemuuliza maji yanatiririkia wapi. "Tunapokea nyayo."

"Hamsemi mwizi si wetu?"

"Tuseme vipi na nyayo imeingia? Wale waliokuja nayo wanapumzika, sisi tunachukua. Tunaifuata mpaka tuonyeshe ilitokea wapi. Ikitoka, tunakabidhi kijiji cha mbele."

"Na isipotoka?"

"Isipotoka imefia kwetu. Tunatafuta mwizi ndani, na kijiji kinalipa."

"Na kwetu Usukuma ni hivyo hivyo," nikamwambia. "Mwano, lile yowe la kuita watu, ukilia usiku au mchana, anayebaki ndani na yeye ni mwizi. Hakuna kuuliza ng'ombe wa nani. Sasa mkwe, hizi nyayo za simu zimetoka kwa kaka yangu zimefika kwenye mpaka wako. Sisi tumezifuata mpaka hapa tulipokaa. Sikuombi ukubali mwizi ni wako. Nakuomba upokee nyayo."

Akavuta sahani ya nyama karibu. Hapo nikaona mkono unaelekea kwenye mbavu.

"Na zikitoka kwangu zikaenda Uganda?"

"Waganda watapokea. Afisa wetu kasema wanaongea."

"Na zikirudi kwenu?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipokimbia bila mimi. Nikamwambia, "Zirudi kwetu? Mkwe, Msukuma haibi kwa salamu. Zikifia kwetu tunalipa dume, na hii kofia yangu naila mbele yako, na pilipili."

Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, kama cha mtu aliyekipata mfukoni baada ya kukitafuta. Akala ubavu. Akasema kesho ataenda na simu yake kwa polisi wa kwao, na anayetaka kucheka acheke. Tulipoachana akanishika mkono. "Nifundishe hiyo salamu yenu, yote, ile ndefu. Kama mwizi aliweza, mkwe atashindwa?" Nikamfundisha tukiwa tumesimama, malori yanapita. Alikuwa anasema mwangaluka kama mtu anayemeza jiwe, lakini ana bidii.

Basi kuanzia hapo nyayo zikaanza kutembea. Mkwe akapeleka simu. Polisi wa kule wakapokea, wakaongea na afisa wetu, wakaongea na wenye mitandao. Afisa alikuwa ananipigia akiniambia yale anayoruhusiwa kuniambia. Yule wa Kenya aliyepokea pesa alipatikana Busia, akawekwa ndani, lakini akaunti yenyewe haikuwa kwake, yeye alikuwa wa kupokea tu. Nyayo zikatoka zikaingia Uganda. Waganda wakazipokea siku hiyo hiyo, wakamshika mwingine aliyekuwa anauza laini za simu zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Laini aliziuza kwa nani? Hapo afisa alinipigia, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani.

"Mzee, nyayo zimetoka Uganda."

"Zimeenda wapi? Kongo?"

"Zimeingia Lamadi. Hazijatoka."

Nilivua kofia yangu nikaiangalia. Ni kofia nzuri, ya sufu nene. Nikajua itakuwa ngumu kushuka.

Kaka alipoambiwa hakukohoa. Mwanhuzi walishinda wakishangaa ukimya. Lakini binti ndiye aliyeruka. "Lamadi wapi?" Afisa akataja eneo. Binti akakaa chini. "Hapo ni jirani na meza yangu. Kuna mtu anachaji simu zake kwenye kibanda cha pembeni, simu nyingi kama mtu mwenye wake kumi. Kila siku anakaa pale ananisikia nikiongea na mwenzangu wa Migori. Ukoo, ng'ombe, dume, mguu wa bibi, hata namba ya simu ya baba. Mimi nilikuwa naongea tu, baba mdogo. Nani anajua kama meza ya dagaa inasikilizwa?"

Tulienda Lamadi. Mnisikilize vizuri hapa, maana hapa watu wanaongeza uongo. Askari walikuja wamevaa nguo za kawaida, afisa wetu kabeba kapu la kununulia samaki. Binti akakaa kwenye meza yake kama siku zote. Mimi afisa kaniambia nikae mbali na nisifanye lolote, nikakubali.

Yule mtu alikuwepo. Alikuwa kijana wa kawaida, shati safi, ana uso wa kumtuma dukani. Afisa akamsogelea akasema, "Mwangaluka, baba." Yule akaitika kwa furaha, akaanza kuuliza habari za mji. Afisa akaacha aulize mpaka alipofika kwa ndama. Ndipo akatoa kitambulisho.

Kijana akaruka meza ya dagaa kama swala wa Serengeti, akatimua kuelekea ziwani. Na mimi niliyekatazwa kufanya lolote, nikapiga mwano. Nasema nilipiga mwano. Kaka kanizidi sauti ya kukohoa, lakini mwano ni wangu. Kule kijiji cha Kalemela walisikia. Mwamanyili waliacha kulima. Wavuvi wakatoka na makasia, mama wa samaki wakatoka na masinia, waumini wakatoka msikitini bado wana maji ya udhu kwenye mikono, wenye maduka wakatoka na kufuli, hata mtu aliyekuwa ananyolewa alitoka na nusu kichwa. Hakuna aliyeuliza ng'ombe wa nani. Wakaziba njia zote za kurudi barabarani, afisa akiwa anapaza sauti kwamba mtu asimguse, na hakuna aliyemgusa.

Kijana akabaki na ziwa mbele yake. Akaingia mpaka kiunoni. Halafu mbele yake maji yakafunguka, akatoka kiboko mkubwa kama halmashauri ya wilaya, akamtazama, akapiga mwayo. Kijana aligeuka palepale, akatembea taratibu kurudi nchi kavu, akampita kila mtu, akaenda kusimama mbele ya afisa na kunyoosha mikono yote miwili. "Mama, nifunge," akasema. "Nifunge vizuri."

Basi akaunti ya kaka ikarudi. Pesa za dume zilizuiwa kule Kenya kabla hazijatoka zote, na mkwe akaenda kwa mfanyabiashara aliyelinunua dume akalikomboa. Nasikia dume lilikataa kuondoka, lilishapata marafiki, likasindikizwa na mitamba wawili mpaka getini.

Siku ya mahari, nyie, mngekuwepo. Ng'ombe walipoanza kuingia, wa kwanza alikuwa zizini na wa mwisho alikuwa bado anaaga Migori. Vumbi lilipanda mpaka ndege ya kwenda Mwanza ikazunguka. Fuso la yule kijana lilipambwa vitambaa, na dagaa safari hii hakukuwa na hata mmoja. Kaka, mbele ya watu wote, akatoa dume lake jeupe akampa mkwe, akasema, "Nyayo zilifia kwetu. Kijiji kinalipa." Mkwe akalipokea kwa mikono miwili, akalishika pembe, akasema lichinjwe hapo hapo tule wote, maana nyayo alizipokea yeye, na Waganda, na sisi, na hakuna aliyesema si wangu. Mama afisa alikuwepo, amekaa na wageni, anakula. Na kofia yangu niliileta. Nikaitoa kipande kwa kisu, nikaweka pilipili, nikatafuna mbele ya mkwe. Nasema kweli, ngozi ya kiatu ina ladha kuliko sufu.

Binti akapita karibu yangu amevaa vizuri mpaka nikasahau sura yake. Akaniinamia. "Baba mdogo, Krismasi hutaniona," akasema. Nikamwambia Mungu ni mkubwa.

Halafu ikafika zamu ya bibi. Akakalishwa mbele, kwenye kiti, dume jekundu limesimama pembeni yake, analishika sikio. Mkwe wa Migori akavua viatu kwa heshima, akasogea, akapiga goti moja mbele ya bibi. Nikaona midomo yake inacheza, anakumbuka yale niliyomfundisha mpakani. Akavuta pumzi.

"Mwangaluka, mayu," akasema, na ilitoka safi, kama mtu aliyezaliwa Bariadi sokoni. Watu wakapiga vigelegele. Bibi akaitika. Mkwe akauliza ukoo. Akauliza habari za mji. Akauliza ng'ombe, akauliza ndama, akauliza mvua, akauliza pamba, hakukosea hata mahali pamoja. Kaka anafuta machozi. Mkwe akamalizia kwa upole mkubwa, akauliza na habari za mguu.

Bibi akamtazama muda mrefu. Mkono ukaacha sikio la dume, ukaingia kwenye khanga, ukakamata kitochi kwa nguvu.

"Namba sitoi," akasema.